Plagini zimegoma, kihariri hakisemi kitu

Nimekerwa, na sifa za hiki kihariri, programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi, zitasubiri. Nimekitumia kwa miaka, kila kitu ninachoandika kinapitia humo. Juzijuzi kikaomba kujiapdeti, nikakubali, kikajifunga, kikajifungua. Menyu ya plagini, yaani viongezi vya kukipa uwezo zaidi, tupu! Ile ya kulinganisha faili mbili haipo, ile ya kupanga XML (data yenye lebo) haipo, na ile ndogo ya kubadilisha usimbaji wa herufi (jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi kama namba), ambayo kazi yangu yote inaitegemea, nayo haipo. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Hata kwenye logi, faili la kumbukumbu za matukio, hakuna mstari mmoja.

Plagini kugoma ni jambo la kawaida, hilo silaumu. Ninachokataa ni huu ukimya. Windows yenyewe hainyamazi: programu ya biti 64 (aina inayotumia kumbukumbu nyingi kuliko ya biti 32) ikijaribu kupakia DLL (faili la msimbo, kama plagini zangu) ya biti 32, mfumo unakataa na kurudisha hitilafu namba 193. DLL nyingine inayotegemewa ikikosekana, inarudi namba 126. Kwa hiyo kihariri kinachojaribu kupakia plagini kama hizo hupewa jibu; hiki hakikusema kitu. Kingeniandikia namba ile tu, ningejua pa kuanzia. Badala yake nilikesha nikifuta mipangilio, nikisakinisha upya, nikizima antivairasi ambayo haikuhusika kabisa.

Kumbe apdeti ilinihamisha kutoka biti 32 kwenda biti 64 bila kuniuliza. Plagini zangu zikabaki Program Files (x86), folda ya programu za biti 32, chenyewe kikahamia Program Files, ya biti 64. Ukizinakili kule haisaidii, maana bado ni za biti 32. Lazima utafute za biti 64, moja baada ya nyingine. Ukishazipata, toleo jipya linataka kila DLL ikae ndani ya folda yake yenye jina lilelile, herufi kwa herufi. Ukiiweka nje ya folda inarukwa, na hapo pia huambiwi kitu.

Nikawaandikia wanaokitunza. Nikaeleza toleo, mfumo, orodha ya plagini, nikaweka na picha ya menyu. Jibu lililokuja: "Kwangu inafanya kazi. Soma maelekezo." Palepale wakaifunga ripoti yangu. Maelekezo nilikuwa nimeyasoma! Ukurasa wao wa plagini bado unaonyesha mpangilio wa zamani, DLL zote zimerundikwa folda moja. Mtu ameacha shughuli zake akuandikie tatizo kwa utaratibu, unamjibu kama mwizi aliyeingia uani kwako. Hili limeniuma kuliko plagini zenyewe.

Na msiniambie haiwezekani kumsaidia mtu kujua kipi kimegoma; vihariri vingine vinafanya. Kwenye Vim unaandika :scriptnames unapata orodha ya kila skripti iliyosomwa, kwa mpangilio wake; isiyokuwemo, haikusomwa. Emacs ukiifungua kwa -Q inaacha mipangilio yako yote pembeni, ukaona kama tatizo linatoka kwako au kwake. VS Code ina kifaa kinachozima nusu ya viendelezi, kinakuuliza kama tatizo bado lipo, kisha kinagawa tena nusu. Hata ukiwa na viendelezi 16, raundi 4 zinakaribia kumtaja mkorofi. Hapa yote hayo niliyafanya kwa mkono, nikihamisha folda na kuwasha upya.

Nilikuja nimeamua kuandika msikiguse. Lakini haki yake nikipe: leo nimefungua faili kubwa la logi ambalo toleo la zamani lilikuwa likifa nalo kila mara, limefunguka, na kutafuta neno ndani yake ni haraka mno. Biti 64 ina maana yake, kumbukumbu haibanwi tena. Kwa kazi hiyo sijaona cha kukishinda, na nilishaanza kulegeza moyo.

Kisha nikarudi kutafuta ile plagini ya usimbaji. Haina toleo la biti 64, na aliyeitengeneza aliacha kuitunza zamani. Apdeti ingeweza kuliona hilo kabla ya kunihamisha. Orodha ya plagini zangu ilikuwa mbele yake. Basi, nimerudi toleo la zamani la biti 32 na apdeti nimezizima. Kama kazi yako inategemea plagini moja, ikague kwanza ni ya biti ngapi kabla hujabonyeza kukubali. Nyota mbili, na ya pili ni ya lile faili la logi.