Plas Newydd: Boila za Mafuta au Joto la Bahari?
Jumba la kihistoria la Plas Newydd, kisiwani Anglesey, Wales, ambalo sheria inalilinda, lilipashwa joto kwa boila za mafuta zilizoteketeza hadi lita 1,500 kwa siku wakati wa baridi kali. Mwaka 2014 shirika la uhifadhi la National Trust lilizindua mtambo wa kilowati 300 unaovuta joto kutoka kwenye maji ya mlangobahari wa Menai.

Boila ni rahisi kufunga. Mtambo uligharimu takriban pauni 600,000, na chumvi huzitesa bomba zake. Hata hivyo, joto lake la wastani, lisilopanda na kushuka ghafla, hudhibiti unyevu unaoharibu mbao, vitambaa na mchoro mkubwa wa msanii Rex Whistler uliomo jumbani, nami nauchagua mtambo kwa sababu hiyo kabla hata ya kuhesabu mafuta yaliyookolewa.