Vifaa vya kidijitali kwa mwalimu mtarajiwa Kigoma: anza na spika, projekta ije baadaye

Wanachuo wa ualimu wa Kasulu na Kabanga wanapokaribia mazoezi ya kufundisha, wengi wakipata hela kidogo hukimbilia projekta. Mimi naiweka ya tatu. Nimepanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja: je, kitamfikia mtoto wa dawati la mwisho siku umeme umekatika na bando limeisha? Darasa la watoto 80 si ajabu kwetu, na mtoto wa nyuma ana haki ileile ya kujifunza kama wa mbele.

Simu janja naihesabu kuwa unayo. Wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo programu kama Kahoot, zinazotaka kila mtoto awe na kifaa chake, ziondoe kwenye hesabu mapema.

1. Spika ndogo ya kuchaji

Ni rahisi kuliko vyote, na ndiyo itakayofanya kazi kila siku. Kwa Sh 20,000 hadi 40,000 unapata inayotosha. Hakikisha ina sehemu ya memori kadi au flashi, si bluetooth peke yake, na ichajiwe kwa waya uleule wa simu yako.

Usivutiwe na besi. Besi nzito humeza konsonanti, na kazi yako ni kumfanya mtoto asikie konsonanti. Watoto wengi wa huku huanza shule wakiwa wanaongea Kiha, na tofauti ya "kula" na "kura" huwasumbua. Ukiwa dukani Mwanga au Ujiji, mwombe muuzaji aweke taarifa ya habari badala ya muziki, kisha toka nje uvuke barabara. Kama kila neno linasikika, nunua.

Cha kusikiliza tengeneza mwenyewe. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure. Jirekodi ukizisoma taratibu usiku kukiwa kimya. Asubuhi spika inasoma, wewe unapita kati ya madawati ukitazama midomo ya watoto. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza.

2. Kompyuta mpakato iliyotumika

Kwa bei moja, Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyotoka ofisini ni bora kuliko mpya ya bei ya chini. Chukua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sahani ya kuzunguka. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikiwa ya Intel iwe kizazi cha nane au zaidi, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi vizazi vya nyuma ya hapo. Muuzaji akisema "i5" tu, hajakwambia kitu. Tazama namba inayofuata: i5-8350U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita.

Betri usiipime kwa maneno ya muuzaji. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, dai punguzo la kununulia betri nyingine au iache. Izime na kuiwasha pia, uone kama inadai nenosiri la BIOS, lile linaloulizwa kabla Windows haijafunguka. Ikidai na muuzaji halijui, ondoka.

Ndani yake weka vitu visivyohitaji intaneti, na uvipakue ungali mjini. Kolibri ni programu ya bure, ina masomo ya Khan Academy, na kompyuta yako inaweza kuyasambaza kwa waifai kwenye vifaa vingine vya darasani bila bando. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya sayansi, mengine yakiwa na tafsiri ya Kiswahili. Lile la sakiti linaonyesha chaji zikitembea kwenye waya, jambo ambalo betri na balbu halisi haziwezi kukuonyesha. Kwa vitabu vya kiada kuna maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

3. Projekta

Inafaa, ila soko lake lina mitego. Projekta ndogo za bei nafuu huandikwa "lumeni 8,000" (lumeni ni kipimo cha mwanga) huku mwanga wake halisi ukiwa sehemu ndogo sana ya hapo. Tafuta neno ANSI, yaani lumeni zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Darasa lenye madirisha wazi saa nne asubuhi linataka kama lumeni 3,000 za ANSI. Chini ya 500 utaonyesha gizani tu. Na "1080p supported" maana yake inapokea picha ya kiwango hicho, si kwamba inaionyesha. Uliza "native", yaani kiwango inachoonyesha yenyewe: nyingi hapo hushuka hadi 480p, picha yenye nukta chache zaidi, na maandishi ya kitabu hayasomeki.

Halafu kuna umeme. Projekta ya balbu hula wati 200 au zaidi, wakati pawabenki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74 tu. Ukipangiwa Kagunga, ambako mizigo hupanda boti, au kijiji cha ndani Kakonko, uliza kwanza shule ina sola ya ukubwa gani. Nafuu zaidi ni walimu watatu au wanne kuchangia moja nzuri.

4. Kishikwambi

Kwa darasa zima kimoja hakionekani, ingawa kwa kundi la watoto watano wanaosoma polepole kinafaa sana. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, hivyo huenda shule utakayopangiwa inavyo. Uliza ukifika kituoni. Kwa sasa hela hiyo inunulie memori kadi na SSD.