Ubao wa theluji wa sentimita 156: anayeufaa na asiyeufaa

Ninaoueleza hapa ni ubao wa kutelezea kwenye theluji (snowboard), wa aina inayofaa kila sehemu ya mlima: urefu sentimita 156, kiuno, yaani upana wa sehemu yake nyembamba ya katikati, milimita 254, ugumu 5 katika kipimo cha 1 hadi 10. Katikati una kemba, yaani mgongo ulioinuka kidogo, na puani na mkiani una roka, yaani ncha zinazoanza kupinda juu mapema. Mimi nina kilo 74 na navaa buti namba 43. Naupa nyota nne kati ya tano, lakini nyota hizo ni za mtu mwenye uzito na mguu wa aina yangu. Mwenye kilo 98 na mguu wa namba 46 ataangushwa na ubao huuhuu, na kosa halitakuwa la ubao.

Ile kanuni ya kuusimamisha ubao wima na kuangalia kama unafika kidevuni naomba iachwe. Kinachoupinda ubao ni uzito, si kimo. Mtu mwepesi akipanda ubao mrefu na mgumu hawezi kuukunja, kwa hiyo kona hazikatiki na miguu inachoka upesi. Mzito akipanda mfupi, pua inazama kwenye theluji laini, na mwendo ukikolea ubao unatetemeka na mkia unaponyoka. Tafuta jedwali la uzito la mtengenezaji wa ubao wenyewe, kwa sababu sentimita 156 za modeli moja si sawa na za nyingine. Ukijikuta mpakani mwa saizi mbili, jumlisha na uzito wa nguo, buti na begi, kisha staili yako ndiyo iamue: anayependa kasi na theluji nene achukue mrefu, anayependa kuruka na kuzunguka achukue mfupi. Zile mbao fupi zenye kiuno kipana zina hesabu yake. Hizo huwa unashuka sentimita 3 hadi 6 chini ya saizi yako ya kawaida.

Kiuno ndicho wengi wanachokiruka, na ndicho kinacholeta maanguko yasiyoeleweka. Buti langu kwa nje, kutoka ncha ya vidole hadi kisigino, lina kama sentimita 30. Likikaa kwa pembe ya nyuzi 15, linafunika upana wa takriban sentimita 29. Ubao huu mahali pa baindingi, vile vibano vinavyoshika buti, una karibu sentimita 26.4, maana kiuno ni sehemu nyembamba kuliko zote na baindingi hazikai hapo. Kwa hiyo buti linatokeza kama sentimita 1.3 kila upande. Hapo ni pazuri: vidole na kisigino vinapata nguvu ya kubonyeza makali ya chuma, na ukilalia kona buti haligusi theluji. Sasa chukua buti la nje sentimita 32 kwa pembe hiyohiyo. Linatokeza zaidi ya sentimita 2 kila upande, na kwenye theluji iliyoshindiliwa vizuri, ukiinamia sana kona ya vidole, yaani ile unayoikata kwa makali ya upande wa vidole, ncha ya buti inakwaruza, makali yananyanyuka na unakwenda chini kifudifudi. Mwenye mguu huo atafute ubao mpana wa milimita 260 na zaidi. Kinyume chake pia kina shida: mguu mdogo juu ya ubao mpana unachelewa kubadilisha makali, na kona zinakuwa nzito.

Usipime hili kwa macho ukiwa umesimama juu. Funga baindingi, ingiza buti tupu na uzikaze, kisha geuza ubao juu chini. Tazama sehemu ya buti inayotokeza: vidoleni na kisiginoni pawe sawa. Kama si sawa, sogeza diski ya baindingi, yaani kibamba cha katikati kinachoifunga ubaoni, kabla hujasogeza kitu kingine chochote.

Kwenye barafu kemba hii inashika vizuri kuliko mbao za roka tupu, ambazo huteleza kando ukizikandamiza. Kwa anayeanza kabisa, roka inasamehe zaidi kwa kuwa makali hayanasi ovyo. Ugumu wa 5 unatosha mtu anayejifunza kukata kona hadi anayeshuka kwa kasi ya wastani. Kwa miteremko mikali na kasi kubwa ningepanda hadi 7.

Nyota iliyokatwa ni ya makali. Yalikuja na ncha kali mno karibu na pua na mkia, zinanasa unapoingia kona. Dawa yake ni jiwe la raba la kupunguzia ukali: pitisha taratibu sentimita chache tu, kuanzia pale ubao unapoanza kuinuka kutoka chini kuelekea ncha. Katikati usiguse.

Upande wa chini ni wa plastiki ya unga ulioshindiliwa kwa joto. Unakimbia na unanywa nta vizuri, ila ukiusahau unakauka. Dalili ni weupe kama vumbi kandokando ya makali. Nta ya moto kila baada ya siku nne au tano za kuteleza inatosha, na pasi ikitoa moshi ujue imezidi joto.

Skrubu za baindingi hukazwa kwa bisibisi ya nyota namba 3, na ni lazima zikaguliwe tena baada ya mishuko miwili mitatu ya mwanzo, kwa sababu hulegea. Skrubu ndefu kupita kiasi hutokeza uvimbe upande wa chini. Kabla ya kulipia, hakikisha pia diski za baindingi ulizonazo zinaendana na ubao wenyewe: ubao wangu una matundu ya skrubu, na mbao nyingine zina mfereji mmoja mrefu ambao si kila diski inaukubali.