Maji ya chini ya ardhi: kanuni ya Texas au ya California?

Texas inasema: maji yaliyo chini ya ardhi yako, vuta. Mwaka 1904 kesi ilihusu kampuni ya reli iliyochimba kisima cha kina cha futi 66 mjini Denison, ikivuta galoni 25,000 kwa siku. Kisima cha jirani, bwana East, kikakauka kabisa. Mahakama ya juu haikumpa hata senti. California ilikuwa imeshachagua njia nyingine mwaka 1903, katika Katz dhidi ya Walkinshaw: wenye ardhi juu ya hodhi moja, yaani eneo la chini ya ardhi linalotunza maji hayo, wanagawana, na maji yakipungua kila mmoja anapunguziwa.

Kwa wepesi wa kuanza kuvuta, Texas inashinda, ingawa siku hizi wilaya nyingi za uhifadhi wa maji ya chini ya ardhi hudai kibali. Kwa uhakika wa kuendelea kupata maji, inashindwa vibaya: haki yako inaishia pale pampu ya jirani inapokuzidi nguvu. California hukulinda, ila kesi ya kugawana hodhi inaweza kula miaka na ada za mawakili.

Mwenye kisima kifupi cha nyumbani atapumua California. Mwenye mtaji na pampu ndefu, Texas, mradi jirani yake asiwe na ndefu zaidi.