Njiwa wa dhahabu: sarafu ya pauni 2 ya mwaka 1995

Naendesha basi mjini Reading, na siku za mapumziko nakusanya sarafu. Nyingi ninazonunua ni za bei ndogo. Hii ya leo ndiyo ghali kuliko zote nilizo nazo, nami nimekaa nayo tangu Machi 2019, kwa hiyo ninaloandika hapa si furaha ya siku ya kwanza.

Ni sarafu ya pauni 2 iliyopigwa na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza, kule Llantrisant, Wales, mwaka 1995, kuadhimisha miaka 50 tangu Vita Kuu ya Pili kwisha. Ilitolewa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli, ikatolewa kwa fedha, na ikatolewa kwa dhahabu ya karati 22. Ninayo ya dhahabu: gramu 15.98, upana milimita 28.4. Uzito huo ni sawa na sovereign mbili, zile sarafu za dhahabu za Kiingereza za pauni 1.

Upande mmoja yupo Malkia Elizabeth wa Pili, sura ile iliyochongwa na Raphael Maklouf, ana taji, hereni na mkufu. Upande wa pili kuna njiwa aliyebuniwa na mchongaji John Mills, na huyo njiwa ndiye aliyenifanya nitoe pesa. Yuko peke yake. Hakuna bunduki, hakuna bendera, hakuna jemadari juu ya farasi. Mwili wake una weupe hafifu kama kioo ulichokipulizia pumzi, na uwanja unaomzunguka umesuguliwa hadi unaziona kope zako mwenyewe. Igeuze kidogo chini ya taa na njiwa anakuwa mweusi, uwanja unakuwa mweupe. Irudishe, naye anarudi. Nimekaa mezani nikifanya hivyo mpaka chai ikapoa.

Maneno yapo kwenye ukingo, yamezamishwa: 1945 IN PEACE GOODWILL 1995. Katika amani, nia njema. Lazima uizungushe polepole kwa vidole ili uyasome yote, na unapofanya hivyo unaishika sarafu panapostahili, yaani pembeni, bila kugusa uso wake.

Sasa niseme la muhimu kwa anayetaka kununua, kwa sababu mimi nilishaumia. Ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja binafsi. Picha nzuri, bei ya chini kidogo. Ilipofika niliiweka kwenye mizani: gramu 15.98. Nikapima upana kwa rula: sawa kabisa. Nikaridhika, nikalala. Kesho yake ndipo nilipoiweka juu ya sovereign ya rafiki yangu nikashtuka kuona ilivyo nene. Ile ilikuwa sarafu ya kawaida ya shaba, iliyochovywa dhahabu. Ya shaba na ya dhahabu zina uzito ule ule na upana ule ule, kwa hiyo mizani haitakusaidia hata kidogo. Lakini dhahabu ni nzito mara mbili ya shaba kwa ujazo ule ule, basi sarafu ya dhahabu halisi lazima iwe nyembamba, kama nusu ya unene wa ile nyingine. Angalia unene! Mwombe muuzaji picha ya ukingo kabla hujalipa. Pesa zangu zilirudi baada ya wiki 5 za kuandikiana, na wiki hizo sikuzipenda.

Ya pili nilikwenda kuichukua mwenyewe London, katika duka dogo maeneo ya Bloomsbury ambako wauza sarafu ni wengi. Mzee wa duka alinipa lenzi, akanipa kiti, akaniacha nitazame bila kunisukuma. Nililipa pauni 560. Siku hiyo dhahabu iliyomo, kama ingeyeyushwa, ilikuwa na thamani ya karibu pauni 470. Hiyo tofauti ya 90 ndiyo bei ya njiwa, kasha na cheti, na naiona ni bei ya haki. Sarafu nyingine za kumbukumbu huuzwa kwa bei iliyo mara mbili ya dhahabu yake. Hizo zinamnufaisha anayeuza tu.

Katika vita hivyo inavyovikumbuka sarafu hii, babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Alitoka Tabora akaingia KAR, akapelekwa Ceylon kwa mafunzo, kisha Burma, ambako wao walikuita Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, matope hadi magotini na malaria, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Yeye alirudi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpido karibu na Maldivi ikiwa na askari wa mizinga wa kwetu, na watu zaidi ya 1,200 walikufa. Babu alikuwa akiitaja meli hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita msikitini.

Sarafu inasema 1945. Nyumbani kwetu vita viliisha 1946, siku babu aliposhuka kwenye treni stesheni ya Tabora akiwa na koti la jeshi na sanduku la mbao. Nilipokwenda likizo niliichukua sarafu nikampelekea shangazi, aliye mkubwa kuliko wote waliobaki. Nikamweleza aishike pembeni. Aliishika pembeni, kisha akampapasa njiwa kwa kidole gumba, akasema njiwa ndiye wa kupeleka salamu, sasa hizi salamu anampelekea nani? Nikamwambia anatuletea sisi. Alama ya kidole chake bado ipo kwenye uwanja wa kioo. Mkusanyaji yeyote atakuambia imeshusha bei, na ni kweli. Sijaifuta, wala sitaifuta.

Royal Mint walitoa nyingine mwaka 2005 kwa miaka 60, yenye kanisa la St Paul's la London na miale ya taa. Nimeishika, ni kazi safi. Ila ile ni kumbukumbu ya London, na waliokuwa London wana haki nayo. Njiwa wa 1995 hana mji. Naweza kumweka karibu na nyota ya Burma ya babu, nishani yake ya vita, ile ya shaba yenye ncha 6 na utepe wa buluu, nyekundu na rangi ya chungwa, na vitu hivyo viwili vikakaa pamoja vizuri.

Ukiipata isiyo na cheti, punguza bei lakini usiikatae. Ukiipata iliyosuguliwa kwa kitambaa, iache: ule weupe wa njiwa ukishatoka haurudi.