Programu ya Biblia ya YouVersion: msomaji ataifurahia, mtendaji aipange upya kwanza

Ukiulizia programu ya Biblia ya kuweka kwenye simu, washirika wengi watakutajia YouVersion, ile yenye alama ya Biblia ya kahawia na utepe mwekundu. Ilitolewa mwaka 2008 na Life.Church, kanisa lenye makao yake Edmond, Oklahoma, Marekani. Ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na Kiswahili kimo kwenye menyu na kwenye maandiko: Union Version ipo, Habari Njema ipo, Neno ipo. Kwa kusoma kwenye daladala au kumsikilizisha bibi ambaye macho yamechoka, malalamiko ni machache.

Hapa tunaipima kwa kazi nyingine, ile ya Yakobo 1:22: "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu." Je, mtu anayetaka kutii kwa kweli, asiyetaka kujiridhisha kwa maneno, programu hii inamfaa? Ikibaki kama ilivyopakuliwa, inamfaa kidogo tu, na vile vitu vinavyopendeza zaidi ndivyo vya kuviangalia kwa jicho kali. Ukikaa nayo dakika kumi ukaipanga upya, inakuwa chombo kizuri.

Tuanze na inachohesabu. Inahesabu siku mfululizo ulizoitumia. Inatoa beji ukipaka mistari rangi, ukiweka alama, ukishiriki mstari na wengine, ukimaliza mpango wa kusoma. Kila siku ya mpango ina vema zake, na ukimaliza unapongezwa. Hakuna ubaya hapo. Simu haina namna ya kujua kama fundi wako umemlipa. Tatizo liko kwa anayesoma hesabu hiyo. Mtu akiona siku 200 mfululizo, moyo unasikia "niko vizuri na Mungu", na hakuna aliyesema hivyo. Wale wa Mathayo 7:22 nao walikuja na orodha yao: unabii, pepo waliotolewa, miujiza mingi. Hawakuambiwa kwamba orodha ni ya uongo. Waliambiwa "sikuwajua ninyi kamwe", kwa sababu kilichokuwa kinaulizwa, mstari mmoja kabla, ni kuyafanya mapenzi ya Baba.

Cha pili ni mipango ya kusoma. Ni mingi, ila ya Kiswahili ni michache kuliko ya Kiingereza, na mingi imetafsiriwa, kwa hiyo utakutana na mifano ya maisha ya Marekani ambayo haikugusi. Hilo linavumilika. Kubwa zaidi ni kwamba mpango unauchagua wewe, kwa mada. Mwenye deni asilotaka kulipa hatachagua mpango wa madeni. Atachagua "amani ya moyo" au "kuinuliwa", asome siku saba kwa machozi ya kweli kabisa, na mdai wake aendelee kusubiri. Halafu mipango mingi ya mada huokota mstari mmoja huku na mmoja kule. Wafilipi 4:13 inakuja peke yake, imeachwa mistari miwili iliyotangulia ambamo Paulo anasema amejifunza kuwa radhi, iwe kushiba au kuona njaa. Anayejichagulia mistari hachagui ule unaomchoma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuipanga upya ni kuacha mipango ya mada kwa muda na kusoma kitabu kizima kwa mfuatano. Anza na Waraka wa Yakobo. Una sura 5, mistari 108, na ndani yake amri zaidi ya 50, nyingi zikiwa wazi kiasi kwamba hazihitaji mhubiri. Ukimaliza, nenda Mathayo 5 hadi 7. Usizidishe mistari kumi kwa siku. Pakua toleo lako mapema ukiwa na bando, ili usomapo uzime data. Kusoma Yakobo huku vikundi vya WhatsApp vinagonga juu ya kioo ni kazi bure.

Hatua ya pili, ingia kwenye mipangilio ya arifa na uzime zote isipokuwa moja. Ile ya Mstari wa Siku usiisogeze asubuhi. Iweke jioni, saa unayofunga kazi, na ikilia iwe ukumbusho wa swali hili: la leo limefanyika? Hesabu ya siku haina haja ya kufutwa. Acha kuitazama tu. Ikivunjika siku uliyokwenda kumuuguza jirani, umeshinda.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Ukigusa mstari, rangi zinatokea chini. Wengi hupaka rangi mstari uliowafurahisha. Badilisha matumizi: njano iwe amri iliyo wazi inayokuhusu, nyekundu iwe amri ambayo unajua umeivunja kwa kumkosea mtu fulani, kijani iwe imetendwa. Sheria ni moja: rangi haibadilishwi kwa sababu umeazimia, umelia au umeombewa. Inabadilishwa tendo likishafanyika na mwenzako amelipata. Usiwe na nyekundu zaidi ya moja au mbili kwa wakati. Ukiwa nazo tisa utaanza na ile rahisi na kujisifu kwa hiyo.

Hatua ya nne, gusa mstari huo huo, fungua sehemu ya kuandika, na uandike mambo matatu tu: nani, nini, lini. Tuchukue Yakobo 5:4, mstari wa ujira uliozuiliwa kwa hila. Nyumba nyingi za waumini zina dada wa kazi anayelipwa "tarehe zikikaa vizuri", na Walawi 19:13 inasema mshahara wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Andiko la namna hii halifai kitu: "Bwana, nisaidie niwe mwenye haki kwa wafanyakazi wangu." Ni sala nzuri, lakini haina jina wala tarehe, na mwaka kesho itakuwa bado inasomeka hivyo hivyo. Linalofaa ni hili: "Nusu ya mshahara wa dada wa mwezi uliopita. Kumtumia Ijumaa kabla ya saa 12 jioni, na ada ya kutolea juu yake. Nisimwambie nimemwongezea." Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu akilipa deni kwa sauti ya zawadi, amelipa fedha na kubaki na uongo. Na ada ya kutolea ni sehemu ya deni, maana ungempa mkononi kwa wakati asingekatwa. Zakayo katika Luka 19:8 hakusema "nitajirekebisha". Alitaja kiasi: nusu kwa maskini, mara nne kwa aliyemnyang'anya.

Mfano mwingine, Mathayo 5:23-24, kuacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana kwanza. Hapa watu hujidanganya kwa neno dogo "kama". "Samahani kama nilikukwaza" siyo kukiri. Ni kumwambia mwenzako kwamba huenda shida ni yake. Kukiri kuna tendo ndani yake: "Nilisema kwenye kikao kwamba wewe umeula mchango wa harusi. Sikuwa na uhakika. Nimemwambia na mwenyekiti kwamba nilikosea." Angalia kwamba ulimi uliosema mbele ya watu kumi haurekebishwi kwa ujumbe wa siri kwa mmoja. Masahihisho yafike kote neno lilikofika.

Yanayoharibika kwa anayefuata njia hii ni yale yale karibu kwa kila mtu. La kwanza ni kuchagua amri unayoitii tayari. Asiyekunywa pombe atapaka kijani mistari ya ulevi mpaka simu ing'ae. La pili ni kukiri kwenye programu badala ya kwa mtu. Kuandika kosa kunaleta nafuu, na nafuu hiyo inafanana mno na msamaha. Ukishaandika unalala vizuri na safari ya kwenda kwa ndugu yako inaahirishwa. La tatu ni kujionyesha. Hakikisha unayoandika yamewekwa kuwa ya faragha, na uangalie kama marafiki zako ndani ya programu wanaona mistari unayoipaka rangi. Picha ya mstari yenye machweo nyuma, ikatumwa kwenye status asubuhi, si dhambi, lakini ukiituma siku ile ile ambayo mstari huo ni nyekundu kwako, hiyo ndiyo Luka 6:46 yenyewe: "Na kwa nini mnaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?"

Kuna kitufe cha kulinganisha matoleo, nacho kina pande mbili. Kwa anayekwama kwenye Kiswahili cha Union Version, kuweka Habari Njema pembeni ni msaada mkubwa. Kwa asiyetaka kutii, ni mahali pa kutafuta toleo lenye maneno laini. Dalili ni rahisi kuiona: ukiwa umeshaelewa mstari na bado unalinganisha, hutafuti maana tena.

Sehemu ya maombi ni nzuri kuliko watu wanavyoitumia. Unaandika ombi, unaweza kumshirikisha rafiki, na likijibiwa unaweka alama. Itumie kuomba nguvu ya kutenda lile la nyekundu. Ukiona ombi la namna ya "Bwana nipatanishe na kaka yangu" limekaa miezi na hujampigia simu, ombi halijacheleweshwa mbinguni.

Sasa pale ambapo programu haifiki kabisa. Yeremia 17:9 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Mtu huyo huyo hawezi kuwa mshtakiwa na hakimu na mlinzi wa kumbukumbu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho wa makanisani karne iliyopita, ulilijua hili. Baada ya Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na moto kuwaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, walokole walizoea kukutana, kukiri dhambi kwa majina yake na kurudisha walivyoiba. Ushirika ule nao ulikuwa na hatari zake. Ushuhuda ungeweza kugeuka mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi, na asiyekiri kwa mtindo uliozoeleka akahesabiwa baridi. Lakini ulikuwa na kitu ambacho simu haina: uso wa mtu anayeuliza wiki ijayo, "Ile baiskeli, umeirudisha?"

Programu inaruhusu kusoma mpango pamoja na marafiki na kujibizana mwisho wa kila siku. Itumie, ila wawe wawili au watatu, jinsia moja, na asiwepo anayekutegemea kwa mshahara au ada. Aliye chini yako atakuambia "Mungu akubariki mzee" hata ukikosea. Wakiwa kumi, kila mtu ataandika "Amina, somo zuri" na hakuna atakayeuliza chochote. Swali la wiki liwe moja, la ana kwa ana au kwa simu: lile uliloliandika, limefanyika?

Ukitaka nyota, kati ya tano: kwa kusoma, nne na nusu, kwa kusikiliza, nne, kwa kuwa si kila toleo la Kiswahili lina sauti, kwa kumsaidia mtu kutenda, mbili ikiwa haijapangwa, tatu na nusu ikipangwa kama ilivyoelezwa. Nyota moja na nusu iliyobaki ni ya yule anayekuuliza.

Wako wasiofaa kutumia rangi hizi. Mwenye dhamiri inayomtesa, anayeungama jambo lile lile mara tatu na bado haamini amesamehewa, ataigeuza nyekundu kuwa mjeledi. Huyo aziache, asome Warumi 8 na Waefeso 2:8-10 kwa mpangilio wake, neema kwanza na matendo baadaye, na azungumze na mchungaji anayemwamini. Vile vile Mathayo 18:15, ile ya kwenda kwa ndugu yako "wewe na yeye peke yenu", haimlazimishi aliyepigwa kurudi peke yake chumbani kwa aliyempiga. Hapo panahitaji mzee wa kanisa mwenye msimamo na, kwa Tanzania, dawati la jinsia na watoto la polisi. Na kukiri uzinzi kwa kutaja jina la mtu wa tatu mbele ya kikundi ni kumfungulia mwingine kesi; kiri lako.

La mwisho ni simu ya familia. Akaunti ikibaki wazi, mtoto anayecheza gemu atafika kwenye maandishi yako kwa kugusa mara mbili tatu. Kama simu si yako peke yako, andika herufi ya kwanza tu badala ya jina, au weka yale matatu, nani, nini, lini, kwenye daftari dogo na ubakize rangi pekee ndani ya programu. Asiye na simu janja hapungukiwi kitu: Biblia ya Union Version yenye jalada gumu, penseli nyekundu na ya kijani, na kifutio kwa siku ile deni litakapolipwa.