Wahudumu wa kumtunza mzee nyumbani: tulivyowaona sisi, Mji wa Kale, Mombasa

Jirani ndiye aliyetuelekeza kwa kampuni hii mama alipotoka hospitali na nyonga iliyovunjika. Jina lao silitaji, kwa kuwa nina malalamiko pia.

Kwanza niwape haki yao. Kabla ya kutaja bei, msimamizi wao, muuguzi mstaafu, aliomba azungushwe nyumba nzima. Nyumba zetu za Mji wa Kale mnazijua: ngazi zimesimama wima, vidato vyembamba, vyumba vya kulala juu, msalani chini. Akasema mama ahamie chumba cha chini, na mikeka yote ya njiani iondolewe. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na nyonga kama ile haichuchumai, basi akaagiza kiti chenye tundu kiwekwe juu yake. Kando ya bomba vikatakiwa vyuma vya kushikia, maana hapo ndipo mama alipoteleza akitia udhu wa alfajiri. Kuta za matumbawe zikitobolewa zinamomonyoka. Fundi ilibidi achimbe ndani na kujaza saruji ndipo vyuma vikashika. Kazi hiyo pekee ilistahili pesa zetu.

Mhudumu waliyemleta, dada wa Kisauni, ni mtu wa subira. Alimfundisha mama kwamba kwenye kidato mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, na mguu mbovu ndio unaotangulia kushuka. Mpaka leo mama akifika kizingitini utamsikia akijiambia, "Mzima kwanza."

Sasa malalamiko. Asubuhi moja, bila hata simu, wakatuletea kijana wa kiume. Mama yangu, mtu mzima na heshima zake, aogeshwe na mwanamume asiyemjua! Siku ile hakuoga, wala hakutaka kula. Waliomba radhi na dada akarudi, lakini jambo hili lilikuwa la kuulizwa mapema.

Bei ni shilingi 1,500 kwa siku, mchana tu. Usiku tunapokezana wenyewe. Pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi, hazifiki hata siku mbili. Ndugu yetu aliye Jeddah ndiye anayebeba sehemu kubwa.

Kampuni yoyote utakayoichukua, jina la mhudumu na la atakayemshikia zamu yaandikwe kwenye mkataba kabla hujalipa. Hawa wakikataa, wape kazi ya kukagua nyumba tu, hiyo wanaijua barabara.